UZI: Unaanza MMed ya upasuaji wa jumla? Yaliyo wodini, thieta na kwenye tasnifu

Mgeni_wa_Kisu
Wakuu, habari za jukwaani. Nimepata nafasi ya kusoma MMed (shahada ya uzamili ya udaktari) ya upasuaji wa jumla, naanza mwaka huu wa masomo. Intanishipu nimemaliza na leseni ya Baraza la Madaktari Tanganyika ninayo. Naomba wenye kuijua kazi hii wanifungue macho: rezidenti (daktari anayesomea ubingwa) wa mwaka wa kwanza anatakiwa ajue nini, watu hukwama wapi, na hii COSECSA inaingiaje na MMed? Naomba undani, si ile ya "utazoea tu".

WodiSita
Karibu sana dokta. Nianze na la mwisho, maana ndilo linalochanganya wengi.

MMed ni shahada ya chuo kikuu: MUHAS pale Muhimbili, CUHAS pale Bugando, chuo cha KCMC Moshi na vinginevyo. Unalipa ada, unafanya mitihani ya chuo, unaandika tasnifu. Kwa Tanzania muda ni miaka 3 au 4 kutegemea chuo. COSECSA ni chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilianzishwa mwaka 1999 na makao yake yako Arusha. Chenyewe hakina madarasa. Unafundishwa kazini, kwenye hospitali iliyokaguliwa na kuidhinishwa, unajaza logibuku (kumbukumbu ya oparesheni zako) mtandaoni, kisha unafanya mitihani. Miaka 2 ya mwanzo ni ya MCS (ngazi ya uanachama), ukiongeza 3 unafika FCS (ngazi ya ubingwa) ya upasuaji wa jumla. Wapo wanaomaliza MMed kwanza halafu wakakalia mtihani wa FCS. Kwa hiyo hata kama uko MMed, jaza logibuku yako tangu siku ya kwanza. Huwezi kukumbuka oparesheni za mwaka wa kwanza ukiwa mwaka wa tatu.

Sasa watu hukwama wapi. Wanakwama kwenye kuhesabu oparesheni. Rezidenti anaona mwenzake kashika kisu mara kumi mwezi huu, naye anaiacha wodi anakimbilia thieta. Mwaka 2018 ulitoka utafiti mkubwa wa nchi 25 za Afrika: wagonjwa wetu walikuwa wadogo kwa umri na wenye magonjwa machache ya ziada, lakini walikufa mara mbili ya wastani wa dunia, na zaidi ya vifo 9 kati ya 10 vilitokea baada ya siku ya upasuaji. Yaani mezani walitoka salama. Walikufia wodini. Huko ndiko kazi yako ya mwaka wa kwanza iliko.

Wodini saa 12 asubuhi, kabla ya ripoti. Kila mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji andika mwenyewe mapigo, presha, pumzi kwa dakika, joto, mkojo wa saa 24, na dreni (mrija wa kutoa majimaji) imetoa kiasi gani, rangi gani. Usichukue namba za kwenye faili bila kumgusa mgonjwa. Pumzi ikiandikwa 20 kwa wagonjwa wote wodi nzima, ujue hakuna aliyehesabu.

Mkojo: mtu mzima nusu mililita kwa kilo kwa saa. Mgonjwa wa kilo 60 ni mililita 30 kwa saa, karibu 720 kwa siku. Kinachoharibu ni kwamba ndugu anamwaga mfuko ukijaa bila kuandika. Mpe chupa ya maji ya lita moja uliyoichora mistari, na karatasi ya kuandika saa na kiasi. Ndugu wakielekezwa wanaandika vizuri sana.

Daktari_Eldoret
Naongezea kutoka Kenya. Huku MMed ya upasuaji pale Chuo Kikuu cha Nairobi ni miaka 5, lakini wodi ni ileile. Kilichosemwa kuhusu mapigo nakitilia mkazo kwa mgonjwa aliyeunganishwa utumbo.

Mshono wa utumbo ukivuja, mara nyingi ni kati ya siku ya 3 na ya 7. Watu wanasubiri homa na tumbo gumu. Dalili ya kwanza huwa ni mapigo: jana 84, leo asubuhi 112, mgonjwa anasema "niko sawa tu daktari". Baadaye pumzi inapanda, tumbo linajaa gesi, anaacha kutoa upepo. Mapigo yakivuka 100 siku hizo bila sababu nyingine iliyo wazi (maumivu, damu kupungua, maji kupungua), chukulia kwamba mshono umevuja mpaka uthibitishe haujavuja. Mwite bingwa saa hiyohiyo, hata kama ni saa 9 usiku. Kumpa Panadol ili mapigo yashuke ni kujifumba macho.

Dalili nyingine rezidenti wapya huipita ni maji ya pinki yanayolowesha bandeji siku ya 5 hadi ya 8 huku ngozi ikionekana nzima. Hayo si maji ya kidonda ya kawaida. Chini ya ngozi fashia (utando mgumu unaoshikilia ukuta wa tumbo) imeachia, na mgonjwa akikohoa utumbo utatoka nje. Usifungue nyuzi pale kitandani "uangalie". Funika kwa gozi lililoloweshwa maji ya chumvi, mlaze, andaa thieta.

Mgeni_wa_Kisu
Ahsanteni sana. Daktari_Eldoret, fashia inaachia kwa sababu gani hasa? Ni uzi au ni mgonjwa?

Fundo_Sita
Naomba nilijibu hilo. Mgonjwa anachangia: usaha tumboni, lishe duni, kikohozi. Ila mara nyingi ni mshonaji. Uzi ukikatika ni nadra, fundo kufunguka ni nadra zaidi. Kinachotokea ni uzi kukata nyama kama waya unavyokata sabuni. Umeshona karibu mno na ukingo, au umevuta kwa nguvu mno.

Kanuni ni ya Jenkins, 1976: urefu wa uzi uliotumika uwe angalau mara 4 ya urefu wa kidonda. Kidonda cha sentimita 20 kinataka uzi wa sentimita 80 kwa uchache. Kupima ni rahisi: uzi ulianza na sentimita 100, ukimaliza pima kipande kilichobaki. Kikizidi 20 ujue umevuta sana au umeruka mbali. Kwa tumbo la dharura chukua sentimita 1 kutoka ukingoni na sentimita 1 kati ya mshono na mshono, uzi usioyeyuka au unaoyeyuka polepole, nailoni au PDS. Kwa upasuaji wa kupangwa, utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2015 ulionyesha mishono midogo ya milimita 5 kwa 5 inapunguza henia za kwenye kovu. Huo ulikuwa wa wagonjwa wa kupangwa, usiuhamishie kwenye tumbo lililojaa kinyesi kana kwamba ni kitu kimoja.

Kuta mbili za fashia zikutane tu, zisinyongane. Ukiona nyama katikati ya mishono imegeuka nyeupe, legeza.

Na mafundo. Pindo la pili liende kinyume na la kwanza, mikono ivuke, la sivyo umefunga fundo linaloteleza. Hariri mapindo 3, Vicryl 4, nailoni na Prolene 6 kwa sababu ni nyuzi laini zenye kumbukumbu, zinajifungua zenyewe. Mazoezi ya nyumbani ni haya: gundisha ndoano ndogo ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga, chini kabisa. Funga fundo kwenye ndoano kwa kidole bila kopo kunyanyuka mezani. Likinyanyuka, mwilini ungekuwa umeng'oa mshipa wa damu. Ukiweza, rudia umevaa glavu zilizolowa sabuni.

Kuunganisha utumbo, nenda buchani asubuhi ununue utumbo wa mbuzi. Uoshe, ukate, uunge kwa Vicryl 3/0, safu moja, ukishika ukuta wote wa nje bila utando wa ndani, milimita 5 kutoka ukingoni na milimita 5 kati. Sindano ishikwe theluthi moja kutoka upande wa uzi, iingie wima, kisha zungusha kifundo cha mkono. Usiisukume kama ya kushonea gunia. Ukimaliza funga ncha moja, ingiza maji kwa bomba la mililita 50 utazame yanatokea wapi. Utakuta karibu kila mara yanatokea upande wa mesenteri (utando unaoleta damu kwenye utumbo), kule kwenye mafuta. Mafuta yanaficha ukuta, unadhani umeshika utumbo kumbe umeshika mafuta. Safisha mafuta hayo kiasi cha nusu sentimita hivi kabla ya kushona, usizidishe, maana damu ya ukingo inapitia humohumo.

SistaThieta
Madaktari wangu, mimi ni upande wa wauguzi wa thieta. Naomba mnisikilize kwenye haya.

Orodha ya kesho ifike thieta mapema mchana, si saa 2 usiku. Iandikwe jina, umri, wodi, oparesheni na UPANDE. "Henia" haitoshi, andika henia ya kulia. Watoto na wenye kisukari wawe wa kwanza, kidonda chenye usaha kiwe cha mwisho. Andika na mahitaji ya pekee: meshi (wavu wa henia), daiathemi (kifaa cha umeme cha kuzuia damu), damu chupa ngapi. Kesi nyingi zinazoahirishwa asubuhi sababu yake ni damu haijakrosimachiwa (kulinganishwa na ya mgonjwa), Hb (kiwango cha damu) haipo kwenye faili, au fomu ya ridhaa imesainiwa na jirani.

Kufunga kula: chakula mwisho ni muda wa saa 6 kabla ya usingizi, maji meupe muda wa saa 2 kabla. Msiandike "asile kuanzia saa 6 usiku" kwa mgonjwa wa nne kwenye orodha. Anafika saa 10 jioni amekauka, tunamwahirisha, kesho anafunga tena. Mzee wa miaka 70 akifungishwa siku tatu mfululizo mnakuwa mmemuumiza kabla ya kisu. Mwanzo wa orodha ukichelewa, rezidenti apige simu wodini wapewe maji.

Ile orodha ya usalama ya WHO ya 2008, msiijaze mwishoni kwa kukisia. Ilijaribiwa kwenye hospitali nane duniani, mojawapo ni Ifakara hapahapa kwetu, na matokeo ya 2009 yalionyesha vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ni vituo vitatu: kabla ya usingizi, kabla ya kukata, kabla ya mgonjwa kutoka. Cha pili ndicho mnachokiruka. Simameni, mtajane majina, mtaje mgonjwa, oparesheni na upande, na muulize antibayotiki imeingia lini. Inatakiwa iwe ndani ya saa moja kabla ya kukata. Ikichomwa baada ya ngozi kufunguliwa umechelewa.

Nikisema hesabu ya gozi haijatimia, acha kufunga. Usiniambie "hesabu tena" huku unaendelea kushona. Anza kutafuta pembe nne za tumbo: chini ya ini, pembeni ya wengu, kwenye nyonga, na katikati ya mikunjo ya utumbo.

WodiSita
Sista amenena. Dokta, ukitaka kujifunza haraka thieta, wauguzi wa scrabu (wanaokupa vifaa mezani) wameona mabingwa wote na makosa yote. Waulize, na uwasalimu kabla hujaomba kitu.

BombaLaHewa
Upande wa usingizi nina ombi moja, lakini kubwa. Msilete tumbo lililotoboka mezani likiwa kavu.

Kijana, kidonda cha tumbo kimetoboka juzi, mapigo 140, presha 80 kwa 50, mkojo hakuna. Rezidenti anataka aingie sasa hivi kwa sababu ni dharura. Ukimlaza kwa dawa ya usingizi, mishipa inalegea na moyo unasimama. Anahitaji saa 1 hadi 3 za maandalizi ya nguvu: kanula mbili nene, ya kijivu au ya kijani, Ringer (maji ya dripu) mililita 20 kwa kilo, kwa kilo 60 ni lita 1.2, kisha mpime tena uone kama anahitaji nyingine, mpira wa mkojo, mpira wa puani, ceftriaxone na metronidazole mara tu damu ya vipimo ikishatolewa, oksijeni. Tunasubiri mapigo yashuke na mkojo uanze kutoka. Potasiamu ikiwa chini irekebisheni kwenye dripu, tena baada ya mkojo kuonekana, kwa kasi isiyozidi 10 mmol kwa saa kwenye mshipa wa mkono. Ampuli ya potasiamu haichomwi moja kwa moja kwenye mshipa, kamwe.

Mgonjwa anayevuja damu ni habari nyingine kabisa. Wengu umepasuka kwa ajali ya bodaboda, tumbo linajaa, presha haishiki: huyo ukimjaza maji bila kufunga mshipa unaiosha damu iliyobaki. Huyo dawa yake ni kisu na damu ya kuongezewa. Kutofautisha hawa wawili pale mapokezi ndiyo kazi ya rezidenti.

Mgeni_wa_Kisu
Hapo nimeelewa kitu. Na ndani ya tumbo lililotoboka, hatua zikoje? Najua kuna "Graham patch", kile kiraka cha kuziba tundu.

Fundo_Sita
Fungua katikati juu ya kitovu. Nyonya uchafu, peleka usaha maabara, tafuta tundu mbele ya duodenamu (mwanzo wa utumbo mwembamba) au karibu na mlango wa tumbo. Tundu dogo, chini ya sentimita 1 au 2, weka mishono mitatu ya Vicryl 2/0 kupitia ukuta pande zote mbili za tundu, usifunge bado. Chukua ulimi wa omentamu (utando wa mafuta unaofunika utumbo) wenye damu yake, ulaze juu ya tundu, ndipo ufunge mishono juu yake. Funga kwa upole. Ukinyonga omentamu itakufa na tundu litafunguka siku ya nne. Ukivuta mishono ili kuziba tundu kwanza, ukuta uliovimba unachanika na tundu linakuwa kubwa kuliko ulivyolikuta.

Kwa heshima ya historia: omentamu iliyobaki na shina lake ilielezwa na Cellan-Jones 1929. Graham wa Toronto mwaka 1937 alitumia kipande kilichokatwa. Tunachokifanya wengi ni cha Cellan-Jones, jina ndilo limebaki la Graham. Mtihani wa mdomo huwa unapenda swali hilo.

Kidonda kikiwa kwenye tumbo lenyewe (mfuko wa chakula) na si duodenamu, kata kipande cha ukingo upeleke patholojia, saratani hujificha hapo. Kisha osha kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, lita kadhaa, mpaka yatoke meupe. Maji baridi yanashusha joto la mgonjwa na damu inaacha kuganda. Akipona, matibabu ya *H. pylori* (bakteria wa vidonda vya tumbo) yasisahaulike kwenye kadi ya kuruhusiwa.

Kutoboka kwa taifodi ni tofauti. Tafuta sentimita 60 za mwisho za utumbo mwembamba, upande usio na mesenteri, na usiishie kwenye tundu la kwanza. Pitia utumbo wote, huenda yapo mawili au matatu. Kata ukingo mbovu, shona kwa upana wa utumbo ili njia isibane.

Daktari_Eldoret
Na mrija wa kifuani, kwa kuwa ajali za boda ndizo zinajaza usiku. Nafasi ya 4 au ya 5 kati ya mbavu, mbele kidogo ya mstari wa katikati ya kwapa, upite juu ya ubavu wa chini. Mishipa inapita chini ya kila ubavu. Ingiza kidole kwanza kabla ya mrija, uhakikishe uko kifuani na si kwenye ini. Kwa damu, mrija wa unene namba 28 hadi 32. Ncha ndani ya chupa izame sentimita 2 majini. Ikizama 10 mgonjwa anashindwa kusukuma hewa. Ikitoka damu mililita 1500 kwa mara moja, au 200 kila saa kwa saa 2 hadi 4, mwite bingwa, huenda kifua kikafunguliwa.

Makosa mawili ya wodini: chupa kunyanyuliwa juu ya kitanda wakati wa kumhamisha, maji yakarudi kifuani, na mrija unaobubujika kufungwa kwa klampu mgonjwa akienda eksirei. La pili linaua njiani.

WodiSita
Tasnifu sasa, maana inachelewesha wengi kuhitimu kuliko mtihani.

Chagua ugonjwa unaoonekana kila wiki kwenye hospitali yako. Kabla ya kuandika andiko la utafiti, nenda kwenye rejista ya thieta uhesabu kesi za miezi 12 iliyopita. Wengi wanachukua ile fomula ya sampuli (idadi ya wagonjwa wa utafiti), wanaweka kiwango cha tatizo asilimia 50, wanapata 384, wanaandika 384. Kama rejista inaonyesha kesi 150 kwa mwaka, umejifunga miaka miwili na nusu. Tafuta kiwango halisi kutoka tafiti za jirani, ukiweka asilimia 15 unapata 196 kwa ukingo uleule wa makosa wa asilimia 5. Ikibaki kubwa, badilisha swali.

Kibali cha kamati ya maadili ya chuo kwanza, halafu barua ya hospitali. Data iliyokusanywa kabla ya barua haitumiki. Mada ya maambukizi ya kidonda inataka ufuatilie siku 30, na mgonjwa anarudi Kilosa au Mbinga siku ya 7. Chukua namba mbili za simu, yake na ya ndugu anayekaa naye, na upange vocha ya kupiga siku ya 10, 20 na 30. Ingiza data kwenye kompyuta kila Jumamosi. Fomu 200 zilizolundikwa mpaka mwisho zinakuwa na mapengo ambayo huwezi kuyajaza tena.

Mgeni_wa_Kisu
Nawashukuru mno. La mwisho: usalama wangu mwenyewe. Sindano ikinichoma?

SistaThieta
Vua glavu, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni. Usikamue, usimwage jiki. Toa taarifa palepale kwa msimamizi wa zamu, kipimo cha mgonjwa na chako kichukuliwe. Dawa kinga za VVU zianze ndani ya saa chache, mwisho ni saa 72, na unazimeza siku 28 zote hata kama kidonda ni kidogo. Kwenye kufunga tumbo vaa glavu mbili, na sindano ipite kwenye kidishi, si mkono kwa mkono.

Ila homa ya ini B inaambukiza kirahisi kuliko VVU kwa njia ya sindano, na hiyo ina chanjo. Dozi tatu: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6. Kisha mwezi 1 hadi 2 baadaye pima kiwango cha kinga, kiwe angalau 10 mIU/mL. Wengi walichanjwa wakiwa wanafunzi dozi mbili wakaacha. Tafuta kadi yako wiki hii. Kama ya tatu haipo, kamalizie hiyo moja, huhitaji kuanza upya.